Nyumba ya Shati

Zagayu, Bariadi
23 Julai 1995

Kaka yangu mpendwa Nyanda,

Mwangaluka. Nakusalimu kwa salamu ya asubuhi kwa sababu ndiyo kwanza jua linatoka hapa, ingawa najua barua hii itapita mikono mingi kabla ya kukufikia, na pengine utaifungua jioni ukitoka zizini. Shikamoo kaka. Shemeji hajambo? Watoto je? Na ile homa uliyoniandikia mwezi wa tatu, imekuachia? Sisi huku tunaendelea vizuri. Mke wangu Anyesi anakusalimu sana. Baba ni mzima, ila jicho lake la kushoto nalo sasa linaona mwanga tu, na asubuhi za baridi kama hii magoti yanamsumbua.

Uliniuliza kama ni kweli nimeacha kazi ya kupima pamba. Sikuiacha, kaka, yenyewe ndiyo iliyoniacha. Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, kila kijiji kina gari lake la kununulia pamba, na ghala letu la ushirika limebaki na popo. Walipotupunguza nilichukua mizani ya kuning'iniza niliyoitumia miaka saba, na kwa kiinua mgongo nikanunua pikapu ya Datsun iliyokuwa imelala nyuma ya ghala bila matairi. Watu walidhani nami nitanunua pamba. Sikuwa na mawazo hayo. Nilikuwa na ndoto nyingine, na ndiyo habari ninayotaka kukueleza kwa utaratibu.

Unakijua kiapo cha baba. Mwaka ule ulipoondoka na ng'ombe wako, alisimama mbele ya wazee akasema hatalala chini ya paa la Nyanda mpaka nyasi ziote juu ya kifua chake. Padri alimwambia kiapo cha hasira hakimfungi mtu. Baba akamjibu kwamba padri hakuwepo kilipotolewa. Lakini tangu mwaka jana amekuwa akikuulizia. Ananiuliza maji ya huko yana ladha gani, na kama mtoto wako wa kwanza ana masikio ya kwetu. Nikimwambia twende, anasema safari ya mbali hivyo haina kurudi siku hiyohiyo, na yeye atalala wapi?

Ndipo nikawaza: kama baba hawezi kulala chini ya paa lako, basi aje na paa lake.

Katika shajara yangu, tarehe 6 Novemba, nimechora chumba juu ya Datsun. Kilikuwa cha mbao na mabati, kirefu kiasi cha mtu kusimama. Nilikijenga hivyohivyo, tukaenda nacho hadi Nyalikungu. Upepo wa mbugani ulitusukuma kama mlevi, na usukani ukawa mwepesi mpaka nikahisi magurudumu ya mbele yanataka kuruka. Nilirudi nikiendesha polepole kama mtu atembeaye, nikakibomoa chote. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda chake uani. Aliniuliza kama shule ya sekondari haikunifundisha kwamba upepo nao ni mzito.

Wiki mbili nilikaa bila kugusa msumari. Kisha siku moja Anyesi alikwenda kuchukua mtama, nikamwona anainua kofia ya nyasi ya kihenge, anaiegemeza kwa mti wenye panda, anachota, anaishusha tena. Kaka, unakumbuka mayu, mama yetu, alivyokuwa akifanya hivyohivyo, nasi tukichungulia chini ya ile kofia kulikokuwa na giza lenye harufu ya nafaka? Nilisimama pale kama niliyeitwa jina. Paa linaloinuka! Njiani lilale chini, upepo upite juu yake. Ukifika, unaliinua.

Kuanzia siku hiyo kila kipande nilikining'iniza kwenye mizani kabla ya kukifunga. Nilijiwekea kilo mia mbili, zisizidi. Kasmiri, fundi baiskeli wa Bariadi mjini, alinitengenezea nguzo nne za bomba ndani ya bomba, zinazopanda na kukazwa kwa skrubu kama kiti cha baiskeli. Aliapa hajawahi kuona baiskeli ya kulala. Kuta zilikuwa kazi ngumu zaidi, maana mbao zilinimalizia kilo. Mwishowe niliunda fremu nyembamba, nikawamba kitambaa cha marekani, nikakipaka gundi, kisha rangi ya mafuta mara tatu. Kikikauka kinalia kama ngoma ukikigonga. Sehemu inayokunjwa, kati ya kuta na paa, Anyesi aliishona kwa turubai. Baba alipapasa ukuta kwa kiganja akasema amezeeka vya kutosha kuona mwanawe akijenga nyumba ya shati. Jina hilo limebaki, kijiji kizima kinaiita hivyo.

Aliposikia kila kitu kinapimwa alidai naye apimwe. Tukamkalisha kwenye gunia, tukalining'iniza. Kilo arobaini na tisa. Akauliza nimemwandika pamba safi au pamba fifi, ile ya daraja la chini. Nikasema safi. Akasema karani muongo ndiye aliyeua ushirika. Tulicheka, kaka, lakini mimi nilicheka nikitazama chini, na sababu utaiona.

Kwa baba nyumba ni ya yule anayefunga kamba ya kwanza ya paa. Basi nilimwekea mkonge mkononi, naye akafunga fundo kwa kupapasa, polepole, akisema maneno ambayo sikuyasikia. Alipomaliza alitangaza kwamba paa hili ni lake yeye Luhende, na aendapo nalo yuko kwake.

Mwezi wa sita tulikwenda Malampaka kulijaribu. Tuliegesha mbali kidogo na stesheni, nikainua paa, Anyesi akatandika. Ilikuwa mchana wa saa tisa. Ndani ya ile nyumba, kaka, mwanga hauna upande. Unapita kwenye kitambaa cheupe ukakuzunguka sawasawa, na upepo ukivuma kuta zinavuta pumzi na kuitoa. Nilihisi kama tuko ndani ya tumba la pamba lililo karibu kupasuka. Treni ya Mwanza ilipita, sakafu ikatetemeka taratibu, na baba akatabasamu akiwa amefumba macho. Nilidhani amesinzia. Kisha akaanza kusema kama mtu anayesema usingizini.

Alisema akifika kwako hatakwenda nyumbani kwanza, atakwenda zizini. Atapapasa mapaji ya ng'ombe mmoja mmoja mpaka ampate mwenye ile alama ya mwezi. Alisema Ng'weji mwenyewe, yule ng'ombe wa mayu, atakuwa amekwisha kufa, lakini atakuwa amezaa, na wanawe wamezaa. Akimgusa mmoja tu wa ukoo ule atajua hakupotea bure, naye atakusamehe kuiba kwako palepale.

Nilitoka nje nikasimama relini hadi Anyesi aliponiita.

Sasa, kaka, nafika mahali ambapo kalamu imekuwa ikikwepa tangu mstari wa kwanza. Nanakili shajara yangu ya tarehe 9 Aprili 1986, kama ilivyo:

"Leo nilichunga mimi, Nyanda anajiandaa kwa safari. Nilikaa nikichora gari lenye chumba. Sikuona Ng'weji alipoingia kwenye pamba ya mzee Januarius iliyopigwa dawa asubuhi. Amekufa saa kumi, korongoni. Nimemfunika kwa miiba na udongo. Nitasema kesho."

Kesho yake sikusema. Keshokutwa yake uliondoka na ng'ombe wako kumi na wawili, na jioni baba alipohesabu zizi akakuta pengo, jina lililomjia lilikuwa lako. Ulipoandika kwamba huna ng'ombe wa mayu, mimi ndiye niliyemsomea barua ile. Nilisoma vizuri, kwa sauti, nikamwona akiichana. Miaka tisa umebeba jina la mwizi, na aliyekubebesha ni mimi ndugu yako ninayekuandikia kila Krismasi kukutakia heri.

Juzi nilimpeleka baba uani, nikamkalisha mlangoni mwa nyumba ya shati, nikamsomea ukurasa huo. Akauliza kama nilikaa na Ng'weji mpaka mwisho, au nilimwacha peke yake. Nikasema nilikaa, nimeshika pembe. Akatikisa kichwa. Aliniomba nimpeleke korongoni. Tulikwenda na Datsun. Alisimama ukingoni na fimbo yake, akamwita yule ng'ombe kwa mluzi ule wa mayu. Sikujua kama anaujua.

Jana ndipo aliponiita na kutoa hukumu. Alisema alimwapia mwizi, na Nyanda si mwizi, kwa hiyo kiapo hakikuwahi kukushika. Ametaka barua hii ikutangulie ili usikie kosa langu kutoka kwangu. Safari iko palepale, tutaondoka tarehe 20 Agosti, Mungu akipenda, kupitia Shinyanga, Tabora na Mpanda, na yeye atalala njia nzima chini ya paa lake. Lakini tukifika, anasema, ataingia ndani kwako na kulala kwenye kitanda utakachompa. Anyesi naye hana kosa, ataingia. Nyumba ya shati ibaki nje ya boma, na atakayelala humo ni mimi, usiku mmoja au mwaka mzima, mpaka wewe mwenyewe utoke uje uniambie niingie.

Sikumbishia. Nimekwisha kupima upya godoro na blanketi la mtu mmoja. Naomba tu unichagulie mahali pa kuegesha, pasipokuwa njia ya ng'ombe. Usipotaka nifike hata hapo, mwandikie baba kupitia padri wa Mpanda, nami nitawashusha na kugeuza.

Msalimie shemeji kwa heshima, na watoto waambie babu yao anakuja kupapasa masikio yao. Anyesi anawaletea karanga. Baba ameniambia niandike neno lake moja mwishoni, nami naliandika kama alivyolitamka: "Nyanda, nakuja kwako."

Ndimi mdogo wako niliyekukosea,

Yakobo Luhende