Nani Kampelekea Bwana Amour Nyimbo Yangu

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Ulfat karudishwa kwao Kizimkazi. "Akapumzike" — ndivyo walivyosema. Barua hakupewa, wala hakuambiwa arudi lini. Vidole vimemchubuka mpaka nyama inaonekana, na hata miezi minne hajatimiza kazini! Ni hii dawa mpya ya kufulia, ya ndoo za buluu zisizo na maandishi. Tangu iletwe, sote sita wa chumba cha kufulia mikono inatuwaka. Glavu tumeomba mara tatu. Zinakuja, wanasema. Zinakuja kwa miguu?

Nimetunga nyimbo. Imenijia pale pale, nakunja shuka za ghorofa ya tatu:

Shuka zenu ni nyeupe, zanukia asumini,
Mikono ilozifua, mmeitazama lini?

Mara ya mwisho kutunga nyimbo ya kazi nilikuwa na miaka ishirini na sita, katika hoteli moja kule Nungwi. Niliiimba siku ya sherehe, mbele ya tajiri mwenyewe. Kesho yake jina langu halimo kwenye zamu. Mama mpaka anakufa alikuwa akinambia: imbia maarusi tu, Thuwaiba. Nimewaimbia maarusi miaka kumi na minane. Yatosha.

Jumatano, 7 Agosti

Kikao baada ya alasiri, barazani kwa Ubwa. Tulikuwa wanne tu. Ubwa ni seremala wa hoteli na ndiye katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi. Mudrik anafanya kazi jikoni, na kwenye kidumbaki chetu, kikundi cha muziki wa arusi, ndiye mpiga fidla. Sichana ni mwenzangu wa mashine ya pili, mwaka wa kumi na moja sasa.

Tumekubaliana. Afisa kazi wa serikali atakuja kutusikiliza Jumamosi ya tarehe 24, ukumbi wa skuli hapa Mpendae. Sichana anakusanya saini. Mie naimba.

Ubwa kasisitiza nyimbo isitoke nje ya baraza. Wakubwa wakiijua mapema, watatafuta njia ya kunitoa kazini kabla ya siku yenyewe. Tumeapa. Nikawaimbia ile mistari miwili, kwa sauti ndogo. Mudrik kafumba macho. Sichana machozi yakamtoka — na Sichana si mtu wa kulia ovyo.

Jumamosi, 10 Agosti

Bwana Amour, afisa utumishi wetu, kanikuta ngazini. Kasimama. Kacheka kidogo.

"Bi Thuwaiba, shuka zetu siku hizi zanukia asumini, sivyo?"

Akapanda zake juu.

Tulikuwa wanne. Wanne! Nikijitoa mimi, wamebaki watatu.

Jumapili, 11 Agosti

Sikwenda popote. Nimekaa nawapima mmoja mmoja.

Mudrik ana simu mpya. Anasema kaka yake kaileta kutoka Maskati. Kaka yake huyo mbona hajapata hata kumtaja?

Ubwa nimemwona mara mbili anakunywa kahawa na dereva wa Bwana Amour. Wanachekeana.

Sichana... Alkhamisi nilimwona anatoka ofisini kwa Bwana Amour. Nikamuuliza kulikoni. Kanambia alitaka kujua habari ya sabuni. Tangu lini Bwana Amour akajali sabuni? Lakini huyu ni Sichana! Nilipokaa eda, miezi minne na siku kumi, ndiye aliyekuwa akija kila siku kunisuka nywele. Haiwezekani. Au yawezekana? Anayejua mlango wa nyuma ni yule aliyezoea kuingia.

Nimepata njia. Ubeti wa pili nnao:

Pete yangu ya arusi, haipiti kidoleni,
Mwenye kunivisha kafa, nanyi mwanivua kwani?

Mudrik nitamwimbia "pete yangu ya dhahabu". Ubwa nitamwimbia "ya urithi". Sichana nitamwachia kama ulivyonijia, "ya arusi". Kila mmoja peke yake, na kila mmoja nitamwambia asimwambie mwenzie kwa kuwa bado naupika. Kisha nangoja. Neno litakalorudi kutoka juu litanambia.

Najiona kama mchawi. Lakini nifanye nini?

Jumanne, 13 Agosti

Nshawaimbia wote watatu. Mudrik kasema fidla ianze chini, iniache peke yangu kwenye neno "kafa". Ubwa katikisa kichwa tu. Sichana kakishika kidole changu chenyewe, kakigeuza, anatazama kilivyovimba. Nikakivuta.

Alkhamisi, 15 Agosti

Bwana Amour kaniita ofisini. Kuna kiyoyozi, kuna birika la chai, kuna biskuti kwenye sahani. Dirisha liko wazi hata hivyo, anasema hapendi kujifungia.

"Pole na kidole, Bi Thuwaiba. Pete ya arusi isipopita, kwa mjane, ni jambo zito."

Ya arusi! Yaliyofuata nimeyasikia nusunusu. Kwamba wageni wanakuja kupumzika, hawaji kusikiliza malalamiko. Kwamba pale juu darini kila Ijumaa panahitajika mwimbaji, mtu mwenye sauti kama yangu, akiimba nyimbo za adabu. Kwamba nifikiri.

"Ahsante, Bwana, nshakunywa chai," nikamjibu. Wala sikuwa nimeonja.

Ya arusi. Sichana.

Miaka kumi na moja!

Ijumaa, 16 Agosti

Nimesema. Barazani kwa Ubwa, baada ya sala ya Ijumaa. Sikueleza habari ya pete tatu. Nilisema tu kuwa nna hakika, na kwamba ubeti aliousema Bwana Amour niliwahi kumwimbia mtu mmoja tu.

Sichana kwanza alidhani natania. Kisha akamtazama Ubwa, akamtazama Mudrik. Hakuna aliyemtetea. Akanigeukia.

"Mie, Thuwaiba?"

"Ulitoka ofisini kwake. Nimekuona kwa macho yangu."

"Kaniita mara mbili. Anataka kunipa usimamizi wa chumba cha kufulia. Mara mbili nimemkatalia."

"Mbona hukutwambia?"

"Nikwambieni ili iwe nini? Mnipigie makofi?"

Ubwa kasema ni ajabu kidogo, mtu akatae cheo kisha afiche kuwa kakataa. Mudrik kakuna shingo. Mie nikasema — na nilisema kwa sauti, majirani wamesikia — kwamba msaliti haitwi bure ofisini akapewa chai.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Kazitoa karatasi za saini mkobani, kazipanga kingo zikalingana, kaziweka barazani, akatafuta kijiwe akakiweka juu zisipeperuke. Akavaa viatu. Akenda zake.

Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha, bora niseme kweli. Furaha ya mtu aliyepata alichokitafuta. Mpaka magharibi ikawa imeshageuka kitu kingine, jina lake silijui.

Jumatatu, 19 Agosti

Leo Sichana kabadilishiwa zamu, sijamwona. Saini nne zimefutwa mwishoni mwa wiki, zote za wanawake waliotiwa moyo na yeye. Nikajiambia: si unaona? Anaendelea na kazi yake ya usaliti.

Kisha saa nne kateremka Faiza, mwanamwari wa kutandika vyumba vya ghorofa ya tatu, na fungu la shuka begani. Anaimba. Wala hajui kama anaimba.

Pete yangu ya arusi, haipiti kidoleni...

Nilimshika mkono shuka zikaanguka.

"Hiyo nyimbo kakufundisha nani? Sichana?"

Kaogopa. "Si wewe mwenyewe, Bi Thuwaiba?"

"Mie? Lini?"

"Kila siku. Mashine zikinguruma unaimba. Twakusikia huko juu, sauti yapanda na ule uwazi wa kati ya jengo mpaka darini. Wenzangu wote washaijua. Tulidhani unatuimbia sisi."

Nikamwambia muongo. Akaapa. Nikamwambia abaki chini, aseme maneno yoyote, kwa sauti ya mtu anayefua. Mashine nimeziacha zinakwenda. Nikapanda mpaka ghorofa ya tatu, kwenye kile kijibaraza kinachotazama uwazi. Pembeni yangu, hatua mbili, dirisha la ofisi ya Bwana Amour. Wazi, kama siku zote.

"Bi Thuwaiba, wanisikia? Mie Faiza. Nikachukue na mito?"

Kila neno. Kama kasimama mbele yangu.

Kwa hivyo neno lililorudi lilikuwa langu. "Ya arusi" ndivyo ubeti ulivyonijia, na ndivyo nilivyokuwa nikiuimba siku zote, mdomo wangu mwenyewe ukiwa mbele ya mashine, mie nikidhani kelele zinanificha. Yale ya dhahabu na ya urithi niliyatia kwa hila tu. Ningemwimbia Sichana "ya dhahabu" na Mudrik "ya arusi", leo Mudrik ndiye angekuwa msaliti.

Nimekaa kwenye ngazi. Faiza kaniletea maji.

Jumanne, 20 Agosti

Sichana kakubali usimamizi. Tangu asubuhi ana sare mpya na kitabu cha mahudhurio. Kaingia, kasema "Assalam alaykum" kwa wote, hakunitazama. Sikuweza kusema kitu mbele ya watu.

Baada ya kazi nimekwenda kwake Kwahani. Binti yake katoka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

"Anasali."

Nikangoja. Alasiri ilikuwa imekwisha zamani na magharibi bado. Viatu vyake viko pale, nje ya mlango. Nimengoja mpaka binti akaanza kuona haya kwa niaba yetu sote wawili. Nikaondoka.

Nawaza: kakubali kwa sababu nimemfukuza? Au alikuwa akitaka tangu mwanzo, mie nikampa sababu tu? Nimeyaandika haya nikayasoma tena. Bado nampima! Baada ya yote haya, bado nampima.

Alkhamisi, 22 Agosti

Nimewaeleza Ubwa na Mudrik kila kitu. Uwazi wa kati, dirisha, Faiza. Na pete tatu.

Mudrik kaweka fidla chini taratibu. "Kumbe na mie ulinitega?"

"Niliwategeni nyote."

"Ndiyo maana ulisema ya dhahabu. Na mie nimekaa siku mbili natafuta mlio wa dhahabu." Akanyanyuka. Hakusema kama Jumamosi atakuja au haji.

Ubwa kanisihi ninyamaze. Habari ya Sichana isubiri, anasema, tumalize mkutano kwanza. Tukikiri sasa kuwa tumemtoa mtu kwa makosa, afisa kazi atatuona hatujui tunalolifanya, na waliobaki na saini watakimbia.

Maneno ya maana. Lakini nilipokuwa nakuja nyumbani nikajiuliza Ubwa anafaidika nini nikinyamaza. Ile kahawa na dereva sikuisahau.

Sikulala vizuri.

Jumamosi, 24 Agosti

Naandika gotini, ukumbi wa skuli. Watu kama sitini. Afisa kazi kafika, mwanamke wa makamo, miwani mikubwa, hajacheka na mtu yeyote. Bwana Amour kakaa mstari wa mbele na wenzake wawili wa ofisini. Kanipungia mkono!

Mudrik kaja. Kakaa mbali nami, fidla kaipakata, hanitazami. Lakini kaja.

Nshaamua. Kabla ya kuimba nitasema. Nitamtaja Sichana kwa jina lake, mbele ya Bwana Amour, mbele ya wote, nieleze nilivyomtega na nilivyomsingizia. Halafu ndio niimbe, kama watakuwa bado wanataka kunisikiliza. Ubwa sijamwambia.

Sichana kaingia sasa hivi. Na sare yake ya usimamizi. Kaupita mstari wetu bila salamu. Bwana Amour kamsogezea kiti, kakaa.

Ubwa anasoma malalamiko. Dawa ya ndoo za buluu. Ulfat. Afisa kazi kauliza kama kuna ushahidi wa daktari. Ubwa kasema hatuna, spitali walitwambia ni pumu ya ngozi. Bwana Amour kainama kuandika. Afisa kazi kauliza kama msimamizi wa chumba cha kufulia amewahi kuona jeraha lolote.



Sichana kanyanyuka. Kenda mpaka mezani kwa afisa kazi. Kakunja mikono ya sare mpaka kwenye kiwiko, kaweka mikono yake yote miwili juu ya meza, viganja juu. Kumbe imemharibika kuliko yetu sote! Siku zote hizi nimekaa mashine ya pembeni, natazama uso wake nitafute uwongo, mikono yake sikuitazama hata mara moja.

Bwana Amour kasimama nusu, kakaa tena.

Na mie — Mungu anisamehe, naandika kama ilivyo — la kwanza lililonijia moyoni halikuwa aibu, wala furaha. Lilikuwa hili: nani kamtuma?

Ubwa ananiita. Mara ya pili hii. Watu wanageuka. Sichana naye kageuka, mikono bado iko mezani, ananitazama mie. Nafunga daftari, nanyanyuka.