Paa Lisiloonekana Kutoka Juu

Haneti, 14 Februari

Kwa mdogo wangu Jordan, Afisa,

Sisi wazima. Mvua imekata tangu Januari, uwele umenyauka, na mbuzi mweusi kazaa mapacha. Mama anakusalimu. Mimi salamu yangu bado naifikiria.

Orodha ya mahindi ya msaada imebandikwa kwa mtendaji wa kijiji, na jina la Mama halimo. Eti akili bandia yenu hapo mjini ilitazama picha za angani, ikahesabu mapaa, na penye tembe letu ikaona udongo mtupu. Kwa hiyo Mama haishi popote. Nilimwambia mtendaji kwamba tembe huezekwa kwa udongo. Akanijibu, "Kaka, mfumo ndio umeamua. Mimi nabandika tu."

Nikakupigia simu, nawe ukasema mfumo umeamua. Jordan, ulizaliwa chini ya paa hilo, na saini iliyo chini ya orodha ni yako. Mashine haikulijua tembe. Wewe je?

Mama alisema nikuache, una kazi nyingi. Alikuwa anakula mlenda bila ugali huku akikutetea.

Fomu ya malalamiko inataka jina la anayelalamikiwa. Mtendaji alitaka niandike "mfumo." Nimeandika majina yako yote matatu, kisha nikamsomea Mama. Akafuta dole gumba kwenye khanga, akaomba wino.

Kaka yako,
Lameck, wa nyumba isiyokuwepo