Rafiki Harithi

Bugomora, Kyerwa

Mwanangu Kyarimpa,

Salamu zako zimefika. Mimi ni mzima. Kahawa imeanza kuwa nyekundu, mvua inanyesha jioni, nami bado najikuta nikimenya ndizi za watu wawili.

Hadithi aliyoiandika binti yangu marehemu Anatolia, ile iliyochapwa pamoja na za wenzake katika kitabu cha mambo ya anga, nimeisoma polepole hadi mwisho. Wanawake wawili wanaoana kwenye nyota ya mbali, na mmoja akifa, mwenzake hukalishwa kwenye mkeka wa wafiwa. Nilikutambua kwa kile kicheko chako cha kuziba mdomo.

Juzi tuliondoa matanga. Ukoo ulipogawa vitu vyake, niliomba shuka lake la bluu nikuwekee wewe. Shemeji yangu Kahigi alikuwa amesikia habari za kitabu. Akasema mbele ya wote, "Shemeji, huko nyotani rafiki anarithi. Hapa Bugomora rafiki anakula, ananawa, anakwenda zake." Watu wakacheka. Shuka akapewa binti wa Kahigi.

Kisha akasema ukionekana kwenye kibanja chetu utafukuzwa kwa fimbo. Hapo hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo usije, mwanangu. Kaburi liko kati ya migomba, ninalipalilia mwenyewe. Nikiwa peke yangu humwambia kwamba ulitaka kuja, tukakukataza. Sijui kama anasikia.

Mama yenu,
Benadeta