Ngano Namba Kumi na Saba

Elisabethville, 16 septembre 1962

Baba yangu Mumba,

Nakusalimia sana, wewe na mama, pale Sakania. Mugongo yako iko namna gani tangu ile baridi ya juillet? Siye tuko bazima, bibi yangu Delphine na batoto pia. Tangu Katanga ijitenge, unga ya ngano imekuwa shida, lakini bukari ya unga ya mahindi haikosi, tunashukuru Mungu.

Baba, kazi yangu unaijua: kutafuta ngano yenye kuvumilia ukame. Mukubwa wangu, Monsieur Gérard, alinifundisha kama ngano inarithi sawa bantu. Unachukua moja yenye mizizi mirefu, unaioanisha na ingine yenye masuke mazito, kisha unangojea kuona mutoto alichukua nini kwa nani. Njo vile mutoto wangu Musonda alichukua pua yako na uvivu wa mujomba wake.

Namba kumi na saba niliioanisha kwa mikono yangu, miaka sita iliyopita. Mwaka huu tulipanda aina makumi mbili, kila moja na namba yake, na Monsieur Gérard akakataza mayi kabisa. Zingine zote zilikauka. Kumi na saba ikabaki kijani! Bakubwa ba serikali bakakuja, bakapiga mikono. Monsieur Gérard akachimba abaonyeshe mizizi mirefu. Ilitoka mifupi sawa ndevu za panya. Alikuna kichwa, kisha akabatangazia kama hii ngano inakunywa umande kwa majani. Bakaandika. Njo pale gunia moja ya mbegu yake ilipandishwa mu treni kuja kwako, muipande kisha mvula kuisha, bila mayi.

Usiipande, baba. Miye niliinywesha. Kila asubuhi, mbele ya Monsieur Gérard kufika, makopo mawili. Ningefanya nini? Niliizalisha mwenyewe, halafu nitazame ikikufa na kiu?

Nilinyamaza mpaka nilipoota wewe na majirani mumesimama mu shamba ya majani makavu. Jana nikamwambia Monsieur Gérard. Nilifikiri atanifukuza. Aliniangalia sana, akauliza, “Makopo ya ukubwa gani, Laurent?” Akaandika mu kitabu yake. Kisha tukaenda kuangalia zingine tena, na kule pembeni tukakuta namba tisa: mufupi, majani yamejikunja sawa sigara, lakini suke yake ina mbegu. Hakuna mutu aliyeijali. Tulichimba mpaka mukono yangu yote ikaingia mu shimo, na muzizi ulikuwa ungali unashuka. Monsieur Gérard alikaa chini mu vumbi, akacheka mpaka machozi. Mimi, machozi yangu haikuwa ya kucheka tu.

Sasa yeye anaandika barua kwa bale bakubwa, na mimi nimekatazwa kushika kopo. Juu ya ile gunia, amesema muikule. Mama aisage, apike mikate, na majirani bapate. Itakuwa tamu, baba: ilikunywa vizuri.

Batoto banakusalimia. Mungu akulinde.

Mutoto wako,
Laurent Mutale