Swichi Chini ya Kiti

Maisaka, Babati
Jumatatu

Dada Skola,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia ukienda shambani kwenye kahawa unapumzika mara mbili njiani, nikakaa nikiliwaza hilo goti siku nzima. Shemeji kifua kimeachia? Na yule wa mwisho, ameacha kunyonya kidole au bado mnampaka pilipili? Mimi mwili hauna shida. Upepo wa huku msimu huu ni mkavu mpaka midomo inapasuka, na kiwandani alizeti imeingia kwa wingi, mashine haziruhusiwi kupumzika, kwa hiyo na sisi mafundi umeme hatupumziki. Nakula vizuri. Nimejifunza hata kupika makande yasiyoungua.

Umeniuliza mara tatu kwa nini situmi tena picha za pikipiki langu. Mara tatu nimekudanganya. Nilisema tairi, nikasema mvua, nikasema kazi. Kwenye simu wewe huanza kunitetea kabla sijamaliza sentensi, ndiyo maana nimechukua kalamu. Naomba usome mpaka mwisho.

Lile pikipiki nililinunua kwa mama mmoja mjane kule Mutuka. Lilikuwa la marehemu mumewe, mpima ardhi. Ni la zamani, silinda mbili, cc mia saba hamsini, injini kubwa kama mtungi wa maji. Nililikuta kwenye ghala la mahindi, kuku ametagia kwenye kiti. Injini ilikuwa imeshika, haizunguki hata kidogo. Vijana wanaotengeneza bodaboda pale stendi walilitazama wakasema hilo ni chuma chakavu, kawauzie wanunuzi wa vyuma wenye mizani.

Mtu mmoja tu hakucheka. Ni Mzee Tluway, Mwiraki, fundi wa siku nyingi aliyekuwa akitengeneza mapikipiki ya kampuni ya barabara. Alikuwa na meza yake kwenye kibaraza cha duka moja hapa Maisaka, anatengeneza majiko na baiskeli, na pikipiki zikija. Mkono wake wa kulia unatetemeka. Akishika spana unaacha.

Alikuja kwangu, akalizunguka pikipiki mara mbili, akaweka kiganja juu ya injini.

"Hili halijafa," akasema. "Limelala."

Miezi mitatu, dada, kila nikitoka kazini mchana namkuta uani kwangu amekaa juu ya debe. Alimimina dizeli na mafuta ya breki kwenye silinda, akaniambia tusubiri. Siku ya tatu nilitaka kuligonga kwa nyundo. Akanizuia. "Unaharakisha nini? Limekaa miaka yote hiyo, leo unataka likimbie?" Siku ya tisa injini ikazunguka kwa mkono, taratibu, nikamkumbatia. Tukabadilisha ringi za pistoni, tukasafisha kabureta, tukakata madigadi ya nyuma kuwa fupi, tukashusha usukani, nikampa fundi viti anitengenezee kiti kipya cha ngozi nyeusi. Tangi nilipaka rangi nyekundu mwenyewe. Ile picha niliyokutumia na wewe ukaibandika sebuleni ni ya siku hiyo.

Sasa sikiliza kosa la Mzee. Nyaya zote nilizifunga mimi, maana ndiyo kazi yangu. Siku moja Mzee alikuja akaziangalia, na kulikuwa na watu pale uani, akiwemo Jofrei, dereva wa kiwandani kwetu. Mzee akavuta waya mmoja, kiungo kikaachia.

"Nani alikufundisha umeme?" akauliza. "Mpishi?"

Watu walicheka. Naye alicheka, kisha akakifunga kile kiungo upya bila neno jingine. Kwake yaliishia pale. Lakini kesho yake kiwandani Jofrei aliniita Mpishi, na mpaka Ijumaa kila mtu ananiita Mpishi, hata meneja. Nilitabasamu wiki nzima, kila jioni nikihesabu walioniita hivyo.

Jofrei ndiye aliyesema tumtoe jasho yule mzee. Lakini mkono ulikuwa wangu. Nilichukua swichi ndogo, nikaiunga kwenye waya wa kuwashia injini, nikaificha chini ya kile kiti kipya. Ukiibonyeza huku, umeme unakwenda kwenye plagi. Ukiibonyeza kule, hauendi. Mtu hawezi kuiona asipojua ilipo.

Siku ya kuliwasha, Mzee alikuja amevaa shati safi. Akatoa plagi, akazipima, mimi swichi nimeiwasha, cheche zikatoka, bluu kabisa. Akafurahi. Akazirudisha, akapanda kupiga kiki. Mimi nilisimama nyuma nimeshika kiti, kama ninayelizuia lisiyumbe. Nikaizima. Akapiga kiki mara kumi, mara ishirini. Kimya. Akatoa plagi tena, nikawasha, cheche zipo. Akarudisha. Kimya.

Nilikusudia iwe siku moja tu. Nakuapia. Lakini kesho yake Jofrei alileta watu wawili kutazama, na keshokutwa wanne, wanajifanya wamepita kunisalimu. Wanaziba midomo. Na mimi, dada, nilifurahi. Siwezi kukuficha hilo. Kila alipojikuna kichwa nilisikia raha fulani ambayo sikuwa nimewahi kuisikia.

Iliendelea wiki mbili. Kabureta aliifungua mara nne. Alianza kuongea peke yake, anahesabu hatua kwa vidole: mafuta yapo, hewa ipo, moto upo. Mkono ukazidi kutetemeka mpaka skrubu zinamdondoka, anazitafuta mchangani kwa kupapasa. Siku moja alidondosha mbili na Jofrei akazikanyaga kwa kiatu, akasimama juu yake huku Mzee anapapasa kandokando ya kiatu hicho.

Siku iliyofuata aliniuliza swali ambalo ndilo linaloninyima raha. Alinitazama kama mtu aliyepotea njia.

"Otmari, mwanangu. Jana niliziweka plagi au niliota?"

Alikuwa ameziweka. Nilimwona kwa macho yangu akizikaza.

"Hukuweka, Mzee," nikamjibu. "Ulizisahau hapa chini. Mimi ndiye niliyeziweka."

Alikaa juu ya debe. Kisha akachukua kitambaa, akafuta spana moja baada ya nyingine, akazipanga kwenye mfuko wake. Nilimwambia chai iko tayari. Akasema hapana.

"Basi," akasema. "Nisamehe, nimekuharibia pikipiki lako na muda wako."

Akatoka. Alipofika pale barabara inapokata kona, Jofrei akaniambia, "Washa." Nikabonyeza swichi, nikapiga kiki mara moja. Likawaka. Hujawahi kusikia mlio wa namna ile, mabati ya jirani yalitetemeka. Mzee alisimama. Akageuka. Alituona, mimi niko juu ya pikipiki, limewaka kwa kiki moja tu. Unajua alifanya nini? Alinyoosha mkono juu kunipongeza. Kisha akageuka akaenda zake.

Jofrei alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, dada. Nilicheka, nikavaa kofia, nikazunguka Babati nzima.

Baada ya kama mwezi nilipita kwenye kile kibaraza, meza haipo. Mwenye duka akaniambia Mzee amegawa vifaa vyake vyote. Amewaambia watu kichwa chake kimekwisha, kwamba alishindwa kuliwasha pikipiki ambalo kijana aliliwasha kwa kiki moja, na kwamba anasahau mambo ya jana. Binti yake, Paulina, amemchukua akakae naye Bonga.

Nilikwenda Bonga Jumapili iliyofuata. Nilibeba sukari na mkate. Nikamkuta Mzee kwenye kiti nje ya mlango, amefunikwa blanketi mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Alipotaka kunyanyuka kunipokea, Paulina akamkalisha. Alipotaka kushika birika animiminie chai, akampokonya. "Baba, utaungua." Alisema kwa upole, kama unavyosema na mtoto. Na yule mtu aliyefungua injini kipande kwa kipande aliweka mikono mapajani na kutulia.

Nikasema yote. Nilipiga magoti, nikasema mbele ya binti yake: Mzee, ulikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, mimi niliweka swichi, plagi uliziweka, nilikudanganya. Nilikuwa nimeing'oa ile swichi, nikamtolea mfukoni.

Aliichukua, akaigeuza kwenye vidole vyake. Kisha akatabasamu.

"Wewe ni kijana mzuri," akasema. "Umetoka mbali kuja kunifariji. Lakini usiseme uongo kwa ajili yangu. Mimi najijua."

"Si uongo, Mzee! Ni kweli!"

"Haya," akasema, akanipigapiga kichwani. "Haya, mwanangu. Nimesikia."

Nikamfuata Paulina jikoni, nikamwambia aniamini yeye angalau, baba yake ni mzima, amrudishie spana hata moja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Macho yalimjaa machozi, nikadhani sasa atanipiga, na nilitaka anipige.

"Kaka Otmari," akasema, "watu aliowatengenezea vitu miaka yote, hakuna hata mmoja aliyekuja kumwona. Umekuja wewe. Mungu akubariki. Lakini hayo ya spana usiyarudie mbele yake, yanamchanganya."

"Dada Paulina, nilifanya kweli."

"Mtu gani anaweza kumfanyia mzee hivyo?" akaniuliza. Hakuwa ananishutumu. Alikuwa anaeleza kwa nini haiwezekani. Kisha akanifungia mayai kumi na mawili kwenye gazeti nije nayo nyumbani.

Wiki iliyofuata nilimpeleka Jofrei anisaidie kusema. Alifika, akamsalimia Mzee shikamoo, akanywa chai, akazungumzia bei ya mbaazi. Tulipotoka akaniambia nimwache mzee wa watu apumzike. Na lile pikipiki nililipeleka pia, nilitaka aliwashe kwa mkono wake mwenyewe aone. Aliposikia mlio tu alimwomba Paulina amwingize ndani na afunge mlango.

Sasa limesimama uani, nimelifunika turubai. Kila Jumapili nakwenda Bonga. Nakwenda kwa miguu mpaka barabara kuu, napanda gari. Kule kanisani kwao Paulina alinisimamisha mbele ya watu, akatoa shukrani kwa ajili yangu. Walinipigia makofi. Mzee naye amekuwa kweli vile wanavyomchukulia. Mtu asiyeachiwa hata kikombe anasahau kukishika. Majuzi alinawa uso bila kuvua miwani.

Jana nilimkuta ametulia, anatazama malori yanayokwenda Dodoma. Nikakaa karibu naye. Akaniuliza nafanya kazi gani.

"Mimi ni fundi, Mzee. Fundi umeme."

"Vizuri," akasema. "Ufundi ni kazi nzuri." Akaitazama mikono yake. "Na mimi zamani niliwahi kujaribu. Sikuuweza."

Dada, itoe ile picha sebuleni. Watoto usiwasomee barua hii, na wasiambiwe kwamba mjomba wao ni mtu wa kuigwa. Shemeji msomee, ana haki ya kujua aliyemkaribisha mezani kwake. Nisalimie Mama Mkubwa, mwambie dawa ya macho niliipata na nitamtumia kwa basi. Nisalimie Baba wa ubatizo na yule jirani yenu aliyenichukulia lile koti siku ya kuondoka. Ukishasoma, usinitetee. Hilo tu ndilo ninalokuomba.

Ni mimi mdogo wako uliyenilea,
Otmari