Dengu za Abu Yusuf kwa Tui la Kopo

Handsworth, Birmingham

Mama yangu,

Nakushika miguu kwa mkono mmoja, wa pili nimezibia pua. Wazoa taka wa mji huu wamegoma, na mbele ya nyumba yetu mifuko imepandana mpaka usawa wa dirisha. Panya wanapita njiani mchana kweupe na hawana haraka. Goti lako lina hali gani? Na ile dawa ya kuchua niliyompa Mwanaisha akuletee, unajipaka mwenyewe au umeshawagawia majirani? Nijibu ukweli. Sisi huku ni wazima wa mwili. Akili ndiyo imeniruka Ramadhani hii, na lazima nikueleze wewe, maana nikimweleza mume wangu tena atahamia msikitini.

Unamkumbuka Abu Yusuf, jirani yetu Msyria, yule mzee mjane aliyekupungia mkono kwenye simu. Kwao Hauran, kusini ya nchi yao, alikuwa mkulima. Tangu serikali ile ilipoanguka hana habari nyingine ila kurudi. Tiketi akakata, ya Alhamisi, anawahi mvua za mwisho apate kupanda. Tunaongea nusu nusu, Kiarabu changu cha chuoni na Kiingereza chake cha kituo cha kazi, lakini tunafahamiana. Tangu kuandama kwa mwezi yeye analeta sahani na mimi narudisha sahani, kama ulivyonilea, kwamba chombo cha jirani hakirudi kitupu.

Sasa sikiliza. Jumatatu nakuta jikoni, kando ya mchele, mfuko wa kitambaa cheupe umefungwa kwa uzi. Ndani dengu, kibaba na nusu hivi, ndogo, za rangi ya udongo, si kama hizi nene za madukani Soho Road. Mfuko naujua ni wake. Nikasema mzee wa watu anafungasha, anatoa vilivyobaki jikoni kwake, na mimi nina deni la sahani mbili. Nikazichambua kwenye sinia, nikaziloweka, na Jumanne nikazipika kwa tui la kopo, na kitunguu, na bizari, na ndimu mwishoni. Zilitoka vizuri sana, Mama, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Nikampelekea bakuli kabla ya magharibi. Nyumba imebaki masanduku tu. Akafunua, akanusa, akatabasamu. Kisha akachota moja kwa kijiko, akaiinua kwenye taa, akaitazama kama sonara.

"Hizi umezipata wapi?"

"Si zako? Si ulizotuletea?"

Akakaa juu ya sanduku. Hakupiga kelele, na mimi ningependa angepiga. Akanieleza polepole, maneno mengine akinirudia, kwamba dari ya chumba chake inavuja, kwa hiyo alimpa mume wangu mfuko ule mlangoni, amwekee pakavu mpaka Alhamisi. Zilikuwa mbegu. Mbegu ya baba yake na babu yake. Serikali ilikuwa ikiwapa wakulima mbegu yake na kununua mavuno kwa bei yake, na dengu hizi haikuzitaka kwa sababu ni ndogo, basi watu wakaziacha. Yeye hakuziacha. Vita vilipokuja, barabara ya kijiji chao ikafungwa, na mkate ukawa silaha. Aliyeiambia serikali hapana, unga haumfikii. Watu walikula chakula cha mifugo. Mkewe akaukalia mfuko huo, hakuufungua hata siku wajukuu walipolia. Amekufa nao uko chini ya mto wake. Na hapa Birmingham mzee amekuwa akizipanda kila mwaka nyuma ya nyumba, chini ya plastiki, zisife kwa uzee. Mimi nikidhani anacheza bustani.

Njaa ile yote haikuzila, Mama. Nikaja mimi na kopo langu la nazi.

Adhana ikalia kwenye simu yake. Akala tende, akanywa maji, akavuta bakuli. Nikamwambia, "Acha, mzee wangu, nakuomba, nitakuletea kitu kingine." Akasema, "Mke wangu alizikalia na njaa yake. Mimi sitazimwaga." Akala mpaka akapangusa bakuli kwa mkate, akanirudishia, akasema ni tamu. Hapo ndipo nilipolia.

Nikarudi nyumbani. Mume wangu yuko mezani, na yeye anazila, anaongeza.

"Baba Nasra, Abu Yusuf alikupa mfuko?"

"Aah! Ndiyo. Alisema ukae pakavu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilidhani nimekwambia. Nilikuwa nakimbilia shifti, mama, sorry."

Sorry! Mwanamume anakumbuka namba za mabasi yote ya mji huu na kila kituo, lakini mfuko mmoja, masafa ya kutoka mlangoni hadi jikoni, umemshinda. Na mzee naye, sisemi sana kwa kuwa nina kosa langu, lakini mtu anabeba roho ya kijiji kizima kwenye kitambaa, anamkabidhi dereva wa basi mwenye haraka, hata kikaratasi hakuna? Na wale wakubwa wao kwenye televisheni, wamekaa na suti zao nyuma ya chupa za maji, wanazungumzia usalama wa chakula cha Waarabu. Nilizima. Usalama wenyewe ulikuwa jikoni kwangu na hakuna aliyenijulisha.

Nilikuwa katikati ya kugomba, kijiko mkononi, nikakumbuka sinia.

Unajua ninavyochambua. Utoto mzima ukinigombeza kwamba nina mkono mchaguzi, natupa robo ya chungu, nadhani nimezaliwa ikulu. Basi ndivyo nilivyofanya. Zilizokunjamana, zilizo nyeusi, zilizopasuka ngozi, zote nilizisukuma pembeni nikazitia katika mfuko wa taka pamoja na maganda. Na taka, Mama, siku zote nilizokuwa nikiwalaani wale waliogoma, zilikuwa bado ziko pale pale mbele ya mlango.

Kulipokucha nikamvisha Baba Nasra glavu na kumtoa nje. Mifuko tisa. Miwili panya walikuwa wameshaifungua. Yeye anapasua, mimi napekua, vichwa vya samaki, majani ya chai, sitaki kukusimulia zaidi ukiwa unakula. Wapita njia wanatutazama. Abu Yusuf akasikia, akatoka na ndara, akachuchumaa nasi bila kuuliza. Mfuko wa saba ndio wenyewe. Tulizitoa moja moja, na yeye akawa anazifuta kwa leso yake na kuzipanga juu ya ukuta. Arubaini na moja. Nikamuuliza kama zitaota, maana ni mbovu, nilizitupa kwa kuwa ni mbovu. Akasema hizo ni za mwaka ambao jua lilikuwa dogo. Baadhi zitaota na baadhi hazitaota, na mkewe pia angezitupa.

Ameondoka Alhamisi na thelathini, amezishona ndani ya koti. Kumi na moja ameniachia mimi, kwamba zisikae tena zote nyumba moja. Alipokuja kuaga, mume wangu alinyoosha mkono kupokea bahasha. Mzee akampita kwa adabu kabisa, akaja kunipa mimi jikoni. Juu yake ameandika kwa Kiarabu, na irabu zote ameziweka kama kwenye juzuu ya watoto, nisije nikakosa kusoma: Hizi hazipikwi.

Ziko juu ya kabati la nguo. Kila nikipita nazitazama, na sijawahi kuwekewa amana ikanitia hofu kiasi hiki. Mwezi ujao nitazipanda mbili chini ya plastiki yake, na nitakuuliza kila kitu kwa simu, jiandae.

Nisalimie kaka yangu Omar na mkewe, na shangazi anayekukandia goti, na Mwanaisha binti mdogo wa jirani yako, mwambie ahsante kwa kubeba mzigo. Mjukuu wako Nasra anakusalimu, kwa Kiingereza kama kawaida yake. Mkweo anakuomba radhi, ingawa hukumtuma kitu, anaomba radhi kwa kila mtu siku hizi.

Nami nikijaaliwa kuja, nikakaa barazani na sinia lako nachambua, Mama, siku hiyo usinigombeze.

Mwanao mwenye mkono mchaguzi,
Zuwena