Jina Lililo Kwenye Faili

Jumatatu, 2 Septemba 1996

Kosa la watu wengi hapa mtaani ni kudhani kwamba anayelala ndani ya nyumba ndiye mwenye nyumba. Sivyo. Mwenye nyumba ni jina lililo kwenye faili. Nami, mwalimu mzima, nilifanya kosa hilo hilo. Mwaka wa 1974 nilikuwa nafundisha Kitui, na kura ya kugawa nyumba hizi za baraza la jiji ilimtaka mwombaji awepo Nairobi mwenyewe. Kaka yangu Ndete alikuwa dereva hapa. Akaandikisha jina lake, nikalipa mimi mpaka mwisho. Kubadilisha jina? Tulisema mwakani, kila mwaka. Kwetu, kumdai kaka yako karatasi ni kumwita mwizi. Juni tulimzika Ndete. Jina halikuzikwa.

Jana mwanawe Maingi alikuja na mkate na sukari. Hakuwa amekanyaga hapa tangu mazishi. Alitembea kando ya ua kwa hatua ndefu, midomo ikicheza. Nilihesabu naye kutoka dirishani: ishirini na mbili. Mke wangu Kamene anasema kijana anamkumbuka baba yake. Labda. Lakini anayemkumbuka baba yake haulizi kama paa linavuja.

Jumatano, 4 Septemba

Jirani yetu Andati ameniita uani akirudi kutoka kiwandani Baba Dogo.

"Mwalimu, mnahama bila kutuaga?"

Nikauliza nani anahama. Kumbe mchana alipita mtu aliyevaa tai, akapiga geti letu picha, akamuuliza kama wapangaji wa hapa ni watu wa fujo.

"Nikamwambia yule mzee hufundisha watoto wetu hesabu kila jioni. Fujo yake ni hiyo tu."

Alicheka. Mimi nilishikilia neno moja — wapangaji.

Ijumaa, 6 Septemba

Sasa namshuku kila mtu. Andati — mbona alizungumza na mgeni muda wote huo? Kamene — kwa nini alimtembeza Maingi mpaka vyumba vya nyuma? Anasema mgeni huonyeshwa nyumba.

Tuliokuwa tunaujua mpango wa jina kwenye faili tulikuwa watatu: mimi, Ndete na mkewe Asenath. Siku ya kura yeye ndiye aliyetupikia isyo, mahindi na maharagwe ya kwetu, tukala tukicheka. Amebaki yeye. Tangu mazishi anaishi na Maingi huko mtaa wa Pipeline, na hajanitumia hata salamu.

Jumamosi, 7 Septemba

Maingi amekuja na karatasi ya wakili.

"Baba mdogo, ni mambo ya kawaida tu ya urithi. Weka sahihi hapa, tumalize."

Nimeisoma polepole, kama insha ya mwanafunzi ninayejua amenakili. Aya ya tatu: aishiye humu anakiri kwamba yeye ni mpangaji wa marehemu. Nikamwambia herufi ni ndogo na miwani iko kwa fundi. Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati, mguu mmoja ukichungulia. Kamene aliuona. Akamwambia Maingi, "Huyo fundi naye ni mwongo sana, kila siku ni kesho." Akamwongezea chai.

Nilimkosea Kamene kwa kumshuku. Sijamwambia.

Maingi alipoondoka alisema atarudi Jumatano na wakili mwenyewe. Hakuniita baba mdogo tena. Alisema "mzee".

Jumatatu, 9 Septemba

Binti yetu Nthoki amepitia hapa alfajiri akienda kazini. Jana alikutana na Asenath kanisani. Mama huyo alimvuta kando, akamnong'oneza: mwambie mwalimu aje anione kabla ya Jumatano. Hakuongeza neno, maana Maingi alikuwa analeta gari.

Nimeligeuza jambo hili pande zote. Huenda anataka kusema kweli. Huenda Maingi ndiye aliyemtuma, nifike nikute wakili na kalamu. Nikimshuku bure nitamtukana mjane wa kaka yangu. Nikimwamini bure, tutalala nje.

Nimemsomea Kamene sababu zangu zote, kwa mpangilio. Alikuwa anachambua maharagwe. Akasema: "Baba Nthoki, miaka thelathini umewakataza watoto kukisia jawabu. Wewe unafanya nini hapo?"

Niliinuka nikatafuta brashi ya viatu. Viatu vimeshapigwa rangi, viko mlangoni.

Leo, kabla ya saa nne: nenda Pipeline, usitie sahihi popote, umuulize Asenath mbele ya mwanawe nyumba hii ni ya nani.